Je, ni kweli Ghana ilinyooka kwa sababu Rawlings aliwapiga risasi viongozi wake?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzazi hapa Mombasa. Mwanangu wa kiume ana miaka ishirini, yuko mwaka wa pili chuoni. Tangu mwaka jana hana hadithi nyingine ila ya Jerry Rawlings wa Ghana. Anasema Nkrumah alipinduliwa kwa kuwa alikuwa mpole mno, kisha wakaja wezi, na nchi haikunyooka mpaka Rawlings alipowafunga viongozi watatu wa zamani kwenye nguzo akawapiga risasi. Eti leo Ghana ina amani na uchaguzi wa maana kwa ajili ya zile risasi, na sisi pia tunahitaji kijana mmoja mwenye roho hiyo. Simu yake imejaa video za namna hiyo. Nikimpinga ananiambia, 'Mama, wewe hujui historia.' Kaka yangu alikuwa Nairobi mwaka 1982, wakati wa lile jaribio la mapinduzi. Akisikia maneno haya huinuka akatoka. Naomba unieleze kweli ni ipi, na nizungumze naye vipi bila kugombana."

Marahaba, dada yangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ndani yake mna maswali mawili. Moja ni la historia: je, zile risasi za 1979 ndizo zilizoijenga Ghana ya leo? La pili ni la nyumbani kwako: huyu mtoto anaelekea wapi? Nitalijibu la kwanza kwa kirefu, kwa sababu kijana wa umri huo ukimkemea humpati. Atakusikiliza tu ukiwa na habari kamili kuliko aliyonayo. Na aliyonayo yeye si uongo mtupu. Ni hadithi ya kweli iliyokatwa pale inaponoga.

Hebu tuanze na lililo kweli. Tarehe 4 Juni 1979 wanajeshi wa vyeo vya chini mjini Accra walimtoa kizuizini Rawlings, afisa wa jeshi la anga mwenye miaka 31, aliyekuwa akishtakiwa kwa uasi alioujaribu wiki tatu kabla. Siku hiyohiyo utawala wa Jenerali Fred Akuffo ukaanguka. Tarehe 16 Juni, kwenye uwanja wa shabaha wa jeshi huko Teshie, kando ya bahari, Jenerali Ignatius Acheampong na jenerali mwenzake waliuawa kwa risasi. Siku kumi baadaye wakafuata maafisa sita, Akuffo na Akwasi Afrifa wakiwa miongoni mwao. Acheampong, Akuffo na Afrifa ndio hao watatu anaowataja mwanao. Wote waliwahi kuwa wakuu wa nchi. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana kuunga mkono, wakidai damu zaidi. Kwa hiyo akikuambia kwamba watu walishangilia, usikatae. Walishangilia, na hasira yao ilikuwa na sababu.

Ambalo video hazimwonyeshi ni kwamba kesi zile ziliendeshwa faraghani, haraka haraka, na hukumu hazikuwa na rufaa. Afrifa alikuwa ameondoka madarakani tangu 1970, karibu miaka tisa, na katika uchaguzi wa mwezi huohuo wa Juni wananchi wa jimbo lake walikuwa wamemchagua mbunge. Hakuwahi kukaa kwenye kiti hicho.

Sasa lile la Nkrumah kuwa mpole. Hili ndilo lililonishtua zaidi katika barua yako, kwa sababu ni kinyume kabisa. Kwame Nkrumah, yule ambaye barabara ya kwenda Fort Jesus hapo kwenu ina jina lake, aliipatia Ghana uhuru tarehe 6 Machi 1957, na mwaka mmoja tu baadaye, 1958, bunge lake likapitisha sheria ya kuwaweka watu kizuizini hadi miaka mitano bila kushtakiwa. J. B. Danquah alikuwa mmoja wa viongozi wa chama kilichomwita Nkrumah arudi nyumbani kutoka London mwaka 1947, na wawili hao walikamatwa pamoja na Waingereza mwaka 1948. Danquah huyohuyo alifia katika gereza la Nsawam mwezi Februari 1965, mfungwa wa serikali ya Mwafrika mwenzake. Mwaka 1964 vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku.

Sisemi haya kumvunjia Nkrumah heshima. Mimi ni katika wanaomheshimu. Bwawa la Akosombo ni lake, bandari ya Tema ni yake, na ule mkutano wa Accra wa Desemba 1958, ambako wapigania uhuru wa bara zima walikutana na Tom Mboya wetu akawa mwenyekiti akiwa na miaka 28, ulikuwa wake. Lakini mkono wa chuma alikuwa nao, na haukumlinda. Tarehe 24 Februari 1966, akiwa safarini kwenda Hanoi kupitia Beijing, jeshi na polisi walimpindua. Nyaraka za Marekani zilizofunguliwa baadaye zinaonyesha kuwa Washington ilizijua njama hizo na ilifurahi, hilo mwanao atalipenda na ni kweli. Ila waliocheza ngoma mitaani Accra siku ile hawakuwa Wamarekani. Sanamu yake iliangushwa. Ukienda leo kwenye bustani ya kumbukumbu alikozikwa, utaiona ile sanamu imesimamishwa tena bila kichwa, na kichwa chenyewe kimewekwa pembeni juu ya kiguzo chake. Nilisimama pale muda mrefu. Nilijiuliza ni wangapi kati ya walioivuta kwa kamba walikuwa wameshangilia uhuru miaka tisa kabla, katika uwanja uleule ambao sasa ndiyo hiyo bustani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Jeshi lilimkabidhi Kofi Busia nchi mwaka 1969. Yeye akawafukuza wageni kwa maelfu, wengi wao Wanigeria, kisha mwisho wa 1971 akashusha thamani ya sarafu kwa kishindo, na wiki chache baadaye, Januari 1972, Acheampong akampindua. Akuffo akamwondoa Acheampong mwaka 1978. Ukihesabu kuanzia 1966 hadi 1981, serikali tano zilipinduliwa. Mlango uliofunguliwa siku ile ya Nkrumah haukufungika, kwa kuwa kila afisa aliyepata bunduki alijifunza kwa aliyemtangulia.

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa naomba umwombe mwanao atulie asome polepole. Waghana wa wakati ule walikuwa na neno lao, *kalabule*. Ni ulanguzi, lakini ulanguzi ulioingia hadi kwenye mifupa ya nchi. Ulifanyaje kazi? Serikali ilipanga bei ya kila kitu: maziwa, sabuni, vitambaa, dagaa wa kopo. Pia ilipanga bei ya sarafu yake. Kuanzia 1978 dola moja ilikuwa cedi 2.75 kwa hesabu ya serikali, na uchochoroni ilikuwa mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo aliyepata leseni ya kuagiza bidhaa alinunua dola kwa bei ya kutupa. Nani alipata leseni? Aliyejuana na mkubwa. Mkubwa aliandika kikaratasi, kikatiwa sahihi, akapewa rafiki au kimada, naye akakiuza palepale getini bila hata kuyaona hayo maziwa. Kikaratasi kikapita mkono wa pili, wa tatu. Mzigo ulipofika kwa mama muuzaji sokoni, kila aliyeushika njiani alikuwa amekwisha kula chake, na bei ya serikali ilikuwa ndoto.

Upande wa kakao, iliyokuwa uti wa mgongo wa nchi, bodi ya serikali ilimlipa mkulima pesa kidogo mno. Mkulima wa karibu na mpaka alipiga hesabu, akabeba magunia usiku akavuka kwenda Ivory Coast au Togo. Katikati ya miaka ya sitini Ghana ilivuna zaidi ya tani 550,000 kwa msimu. Ilipofika 1983 zilikuwa hazifiki 160,000.

Sasa mwulize: risasi za Teshie ziligusa wapi katika haya? Waliokufa ni watu wanane, wengi wao wakubwa wa serikali zilizogawa vikaratasi hivyo. Bei za serikali zilibaki vilevile. Cedi 2.75 ilibaki vilevile. Leseni ziliendelea kutolewa ofisini. Ukimwondoa mla rushwa ukakiacha kiti chake jinsi kilivyo, atakayekikalia kesho ataikuta rushwa mezani inamngoja.

Na kwa kuwa bei haikushuka, askari walitafuta wa kulaumiwa aliye karibu zaidi. Hapa ndipo roho yangu huuma. Katikati ya Accra palikuwa na soko la Makola Namba Moja, soko la wanawake, wafanyabiashara waliosomesha watoto wao kwa vitambaa na vitunguu. Askari waliwavamia, wakawauzisha mali kwa bei ya kulazimishwa, wengine wakavuliwa nguo na kuchapwa viboko hadharani. Mwezi Agosti 1979 soko lenyewe likabomolewa hadi chini. Mama aliyekuwa na kibanda pale alibaki amesimama juu ya kifusi bila mali, bila deni alilodai, bila pa kuanzia. Bei haikushuka, chakula kilizidi kuadimika, maana nani atathubutu kukileta mjini? Kiwanja hicho baadaye kikageuka stendi ya magari, na watu wa Accra wakaipa jina Rawlings Park. Mwanao anapomwona yule kijana shujaa kwenye video, naomba amwone pia huyu mama. Wewe mwenyewe, kama unauza au uliwahi kuuza chochote pale Kongowea au Marikiti, unajua namzungumzia nani.

Nampa Rawlings haki yake: aliruhusu uchaguzi uliokuwa umepangwa, na tarehe 24 Septemba 1979 alimkabidhi nchi Rais Hilla Limann. Kungekuwa na ukweli katika ile imani kwamba damu husafisha, basi Limann angekuwa amepokea nchi safi. Haikupita miaka miwili na nusu. Tarehe 31 Desemba 1981 Rawlings alirudi kwa bunduki, akisema nchi imeoza tena.

Miezi sita baadaye, usiku wa 30 Juni 1982, wakati wa amri ya kutotoka nje, watu wenye silaha walikwenda nyumba kwa nyumba wakawachukua majaji watatu wa Mahakama Kuu na meja mmoja mstaafu. Mmoja wa majaji, Cecilia Koranteng-Addow, alikuwa akinyonyesha. Wote wanne waliuawa kwenye uwanja wa shabaha wa Bundase. Wauaji walijaribu kuichoma miili. Mvua ikanyesha, moto ukazimika, ndipo ukweli ukajulikana. Majaji hao walikuwa wamewaachia huru baadhi ya watu waliofungwa na mahakama za 1979. Mjumbe mmoja wa baraza tawala alihukumiwa na kuuawa kwa kosa hilo. Mwanao anasomea nini? Kama ana rafiki anayesomea sheria, hadithi hii waisome pamoja.

Kisha ukaja mwaka 1983, mwaka ambao Waghana wa umri wetu hawausahau. Nigeria iliwafukuza Waghana karibu milioni moja, mvua haikunyesha, moto ukala mashamba. Watu walikonda mpaka mifupa ya mabega ikachomoza, wakaiita kwa uchungu mkufu wa Rawlings. Huo ndio mwaka Rawlings alipogeuka. Nadhani hapa ndipo ukubwa wake ulipo kama upo: aliona kwamba bunduki haipangi bei, akaiacha njia yake mwenyewe. Alikwenda kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, akaruhusu sarafu ishuke kufikia thamani yake halisi, akampandishia mkulima bei ya kakao, bei za serikali zikaondolewa moja baada ya nyingine. Kalabule ilianza kufa siku kile kikaratasi kilipokosa thamani. Dawa hiyo ilikuwa chungu. Watumishi wengi walifutwa kazi na hospitali zikaanza kudai pesa mbele. Wapo wasomi wazuri wanaosema dozi ilizidi, na wana hoja. Lakini hakuna hata mmoja anayesema kwamba maziwa yalirudi dukani kwa sababu ya Teshie.

Na uchaguzi anaousifia ulitoka wapi? Ulitoka kwa mawakili, wanafunzi, viongozi wa dini na wafadhili waliobana mpaka katiba mpya ikapigiwa kura mwezi Aprili 1992. Katiba hiyo ina mambo mawili ambayo ni lazima yasomwe pamoja. Rais ana mihula miwili, basi. Na waliofanya mapinduzi wamekingwa wasishtakiwe kwa waliyoyafanya. Jambo la pili linakera, na familia za waliouawa bado linawauma. Lakini ndilo lililomfanya Rawlings aweze kutoka ikulu bila kuogopa nguzo. Mwenye kuua ili atawale huogopa kuondoka. Waghana walilipa bei hiyo ili wamtoe mlangoni. Mimi ningekuwa mpiga kura wa 1992 sijui kama ningekubali kwa moyo mweupe, ila naielewa hesabu yao.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa na malalamiko mengi, upinzani ukasusia ule wa wabunge. Badala ya kwenda msituni, walikaa na tume ya uchaguzi wakarekebisha daftari, vitambulisho, masanduku ya kura yakawa ya kuonekana ndani. Tarehe 7 Januari 2001 Rawlings alimkabidhi John Kufuor, mtu wa chama pinzani, nchi nzima. Mwaka huohuo mabaki ya waliopigwa risasi 1979 yalifukuliwa na kurudishiwa familia zao wakazike kwa heshima. Mwaka 2008 John Atta Mills alishinda kwa kura zipatazo elfu arobaini tu kati ya milioni tisa, baada ya kusubiri jimbo moja dogo la Tain lipige kura siku ya pili ya mwaka mpya. Aliyeshindwa, Nana Akufo-Addo, alikwenda nyumbani. Alishindwa tena 2012, akaenda Mahakama ya Juu, kesi ikaonyeshwa kwenye televisheni kwa miezi kadhaa, akashindwa, akakubali. Akashinda 2016. Na Desemba 2024 makamu wake Mahamudu Bawumia alimpigia simu John Mahama kumpongeza hata kabla tume haijatangaza.

Sitaki kukupambia Ghana. Desemba 2022 serikali yake ilisimamisha kulipa sehemu kubwa ya madeni ya nje, na mito mingi imegeuka matope kwa uchimbaji haramu wa dhahabu. Rushwa ipo. Tofauti ni kwamba Mghana mwenye hasira ya 2024 alisubiri foleni na kadi yake ya kura, na kijana wa miaka 31 hakulazimika kufungua gereza.

Sasa tuje nyumbani. Usimwambie mwanao kwamba hasira yake ni upuuzi. Kijana anayehitimu bila kuona kazi mbele, akiona mwizi anapita na msafara wa magari, ana haki ya kukasirika, na video zile zimempa hasira hiyo sura na jina. Anza kwa kumkubalia lililo kweli. Atashangaa na ataketi. Kisha mpe Makola, umpe majaji watatu, umpe ile cedi 2.75, kimoja kwa siku, bila kumwambia anachotakiwa kukiona. Akikuuliza, "Basi tufanye nini?" usiwe na haraka ya kujibu. Hilo ni swali zuri kuliko alilokuwa nalo. Na kama anapenda kweli kusoma, amtafute mhadhiri katika idara ya historia ya chuo chake, ana kwa ana, aombe kuongozwa kuandika juu ya Ghana ya 1979 hadi 1983. Kubishana kwenye simu hakumfundishi mtu kupima ushahidi.

Kuna mpaka, hata hivyo, ambao akiuvuka barua kama hii haitoshi. Ukiona ameingia kwenye kundi linalochanga pesa kwa siri, linaloapishana, au linaloorodhesha majina ya watu wa "kushughulikiwa", hayo si mambo ya historia tena. Usingoje wiki. Tafuta mtu anayemheshimu, imamu au padri wake, mwalimu wake, mzee wa ukoo, mkamkalishe uso kwa uso, na mapema. Vilevile ukiona halali, hali, ameacha masomo na kila kauli yake ni kifo, mpeleke kwa mshauri nasaha wa chuo au hospitali. Huenda Rawlings ni kifuniko tu cha jambo jingine linalomlemea.

Mwisho, kaka yako. Jaribio la mapinduzi la Nairobi la tarehe 1 Agosti 1982, ambalo pia lilianzia jeshi la anga, lilikuja miezi saba tu baada ya Rawlings kurudi kwa mara ya pili. Maduka yaliporwa, wanawake wakadhulumiwa, vijana wakaokotwa barabarani. Mtu anayeinuka akatoka kila yanapotajwa hayo ana jambo alilolibeba kwa zaidi ya miaka arobaini. Usimtumie kama silaha ya kumshinda mtoto. Mwendee kwanza peke yako, mwambie mpwa wake anaulizia, umwache aamue mwenyewe. Akikataa, basi. Akikubali, iwe nyumbani kwake, jioni, simu zote zikiwa mbali, na wewe ukae karibu ili akisita awe na pa kupumzikia macho.